Faili la Marehemu

Henry Johnson alikufa mwaka 1929. Nishani ya juu kabisa ambayo jeshi la Marekani hutoa, ile inayoitwa Medal of Honor, alipewa mwaka 2015. Hapo katikati kuna miaka 86, muda unaomtosha mtu kuzaliwa, kulea wajukuu, kuzeeka na kuzikwa.

Kabla ya vita Johnson alikuwa mpagazi katika stesheni ya reli ya Albany, jimbo la New York. Abiria akishuka, yeye hubeba sanduku. Mwaka 1917 akajiunga na kikosi cha watu weusi ambacho baadaye kilijulikana kama Kikosi cha 369. Walipofika Ufaransa hawakupewa vita, walipewa mizigo: kupakua meli, kuchimba, kusukuma. Wakubwa wao hawakutaka askari weusi wapigane bega kwa bega na wazungu. Mwishowe wakawakabidhi kwa Wafaransa, ambao vijana wao walikuwa wamekwisha na hawakuwa tena na nafasi ya kuchagua rangi.

Usiku wa kuamkia 15 Mei 1918, Johnson na mwenzake Needham Roberts walikuwa lindoni karibu na msitu wa Argonne. Wajerumani wasiopungua 12 wakawavamia. Roberts akajeruhiwa vibaya. Johnson akarusha mabomu ya mkono hadi yakaisha, akafyatua bunduki hadi ikakwama, akaigeuza rungu hadi ikapasuka, halafu akachomoa kisu. Alipoona wanamburuta Roberts wamchukue mateka, aliwafuata na hicho kisu. Kulipopambazuka Roberts alikuwa hai, na mwili wa Johnson ulikuwa na majeraha 21.

Wafaransa waliwapa wote wawili Croix de Guerre. Wamarekani walimtumia Johnson kwenye matangazo ya kuuza stempu za vita. Karatasi zake za kuachishwa jeshi? Hazikutaja hata jeraha moja.

Nimekaa na hiyo sentensi ya mwisho kwa wiki kadhaa. Nikimwambia rafiki yangu mmoja habari hii tukiwa tunakula smokie kando ya barabara, akanijibu bila kusita: "Sasa marehemu atafanya nini na nishani? Ataivaa wapi?" Nikacheka, lakini swali ni zito kuliko alivyodhani. Mtu ameshakufa, hana uchungu, hana njaa, hajui kama Obama alisimama Ikulu ya Marekani tarehe 2 Juni 2015 akalitamka jina lake. Kama haki ni kumpa mtu kilicho chake, na mtu hayupo, hiyo inayoitwa haki inamfikia nani? Na kama haimfikii yeyote, kwani si ni sherehe tu ya walio hai kujisikia vizuri?

Hebu kwanza tuangalie mitambo yenyewe, maana huwa nadhani maadili ya nchi yanaonekana kwenye fomu zake kuliko kwenye hotuba zake.

Hadi 1946, mwanajeshi wa Marekani aliyetaka rekodi yake irekebishwe alilazimika kumwendea mbunge ili sheria maalum ipitishwe kwa ajili yake peke yake. Mtu mmoja, mswada mmoja. Bunge lilichoka, likaamuru ziundwe bodi za raia, nje ya mlolongo wa makamanda, za kurekebisha rekodi za kijeshi. Leo mwanajeshi mstaafu, au familia yake akiwa amefariki, anajaza fomu namba 149, anaambatisha ushahidi, anangoja. Anatakiwa kuomba ndani ya miaka mitatu tangu agundue tatizo, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo.

Kuna mambo mawili humo yaliyonikamata. La kwanza ni kwamba sheria inaipa bodi sababu mbili za kurekebisha: kusahihisha kosa, au kuondoa dhuluma. Walioiandika walijua kwamba hivyo si vitu sawa. Kosa ni karani kuandika 1918 badala ya 1919. Dhuluma ni kila kitu kuandikwa sawasawa, kwa mwandiko mzuri, kwa kufuata taratibu zote, na bado mtu akawa ameibiwa. Pengine karani aliyejaza karatasi za Johnson hakukosea chochote. Alijaza kile mfumo ulichomtaka aone.

La pili ndilo linaloudhi. Bodi huanza kazi yake kwa kudhani kwamba wakati ule mambo yalifanyika ipasavyo. Anayelalamika ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Yaani faili linaaminiwa kwanza, binadamu baadaye.

Yeyote aliyesoma chuo kikuu hapa Kenya anaijua hiyo dhana bila kuelezwa na Mmarekani. Maksi zilizopotea. Ulikaa kwenye mtihani, ulitia sahihi ile karatasi ya mahudhurio, mwenzako wa kiti cha pili anakumbuka ulimwomba kalamu. Lakini mfumo unaonyesha nafasi tupu, na nafasi tupu inamaanisha hukufanya. Kuanzia hapo wewe ndiye mshukiwa. Unatoka ofisi moja hadi nyingine ukibeba ushahidi kwamba ulikuwepo siku fulani chumba fulani, na karani anakutazama kana kwamba unaomba zawadi. Mimi yalinipata katika masomo mawili, chuoni ambapo sitapataja. Niliondoka kwa sababu nyingine pia, karo ikiwemo, kwa hiyo sitaki kuyafanya makubwa. Ila ninajua vile inavyokuwa kuambiwa na karatasi kwamba jambo ulilolifanya halikutendeka. Na huwezi kuzozana na karatasi. Haina uso wa kuaibika.

Basi nimrudie rafiki yangu wa smokie. Kosa lake, nadhani, ni kufikiri kwamba rekodi ni kitu cha zamani. Sivyo. Tukio ni la zamani. Rekodi ni ya leo. Faili lililoko kabatini linasema kitu kila siku linapoendelea kuwepo, na yeyote atakayelifungua kesho litamwambia hicho hicho. Karatasi za Johnson hazikudanganya mwaka 1919 halafu zikanyamaza. Zilidanganya 1929 alipokufa, zikadanganya 1945, zikadanganya siku jeshi lilipohesabu mashujaa wake wa Vita vya Pili na kukuta zaidi ya 400 wenye Medal of Honor na hakuna hata mmoja mweusi. Na taasisi inayolitunza faili ndiyo inayosema. Kwa hiyo swali kwamba marehemu anapata nini linaangalia upande usiofaa. Ukinikuta nikikusengenya, hutaniambia niendelee tu kwa kuwa huyo ninayemsengenya hatasikia. Utaniambia nyamaza. Anayedanganya ana wajibu wa kuacha kudanganya, awepo msikilizaji au asiwepo, awe hai anayetajwa au awe kaburini.

Kwa hoja hiyo, muda hauwezi kumaliza deni. Ile miaka mitatu ya bodi ni ya kuwafaa makarani, na ile mitano iliyokuwa kikomo cha kutoa Medal of Honor, mpaka Bunge likalazimika kuiondolea kesi ya Johnson, ni ya kuwafaa majenerali. Jeshi lilimsogelea polepole kama mtu anayelipa deni kwa mia mia: Purple Heart, ile ya waliojeruhiwa vitani, mwaka 1996, nishani ya pili kwa ukubwa miaka michache baadaye, kisha 2015. Purple Heart kwa mtu mwenye majeraha 21, miaka 78 baada ya kujeruhiwa. Sijui nicheke au nifanye nini.

Lakini ukisema kwamba rekodi ndiyo inayodanganya, unakutana mara moja na shida ya pili: je, pasipo rekodi?

Waverly Woodson alikuwa tabibu wa kijeshi katika kikosi cha watu weusi kilichorusha maputo makubwa ya kuzuia ndege za adui. Tarehe 6 Juni 1944 chombo chao kiligonga bomu la majini kikikaribia ufuko wa Omaha, kule Normandy. Woodson akajeruhiwa na vipande kabla hata ya kukanyaga mchanga. Akafungwa bandeji, akashuka, akafungua kituo cha tiba chini ya risasi na kuhudumia watu kwa saa 30 hivi, kutoa risasi, kuunga mifupa, kukata mguu usiookoka, kuwazindua waliozama. Wanaokadiriwa ni 200. Alipewa nishani ndogo kuliko kazi hiyo.

Alipokufa mwaka 2005, na familia ikadai kilicho chake, palikuwa na kizuizi ambacho hata mtu mwema hawezi kukiruka: tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza sehemu ya hifadhi ya rekodi za kijeshi mjini St. Louis, ukala mafaili kati ya milioni 16 na 18. Wengi wa wanajeshi wa nchi kavu wa vita vyote viwili hawana faili tena. Kilichomwokoa Woodson ni karatasi iliyokuwa imelala mahali pengine. Mwandishi wa habari, Linda Hervieux, akitafiti kitabu kuhusu kikosi hicho, aligundua barua fupi ya wakati wa vita iliyoonyesha kwamba kulikuwa na pendekezo la kumpa nishani kubwa, kubwa ya kutosha Rais mwenyewe kuitoa kwa mkono wake. Mwezi Juni 2024 ikatangazwa kwamba atapewa Distinguished Service Cross, na askari wa jeshi alilokuwa chini yake wakaipeleka kwanza kwenye ufuko ule ule. Mjane wake alikuwa hai bado, ameshapita miaka 90.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumza na wafanyabiashara, lakini ushujaa nao ni mali ya namna hiyo. Woodson alikuwa na bahati: daftari moja liliungua, la pili likabaki kwenye sanduku la mtu mwingine. Ondoa hiyo barua fupi na saa 30 zile zote zinabaki hadithi ya familia, ya kusimuliwa Krismasi.

Na hadithi za familia ni kitu cha kuangalia kwa makini. Kwa miaka mingi aliyepigania jina la Henry Johnson kwa moyo wote alikuwa Herman Johnson wa Kansas City, ambaye mwenyewe alihudumu na wale Tuskegee Airmen, kikosi cha anga cha weusi. Alipigana akiamini kwamba Henry ni baba yake. Akafariki 2004 na imani hiyo. Jeshi lilipojiandaa kutoa nishani mwaka 2015, watafiti wake wa nasaba wakapekua karatasi za kuzaliwa na kuoana na kuishia kusema kwamba Herman hakuwa wa damu ya Henry. Binti yake Herman, aliyekuwa amepokea kijiti, aliambiwa wiki chache tu kabla ya sherehe. Nishani ikapokelewa na sajini mkuu wa Walinzi wa Taifa wa New York, kwa kuwa hakupatikana jamaa wa kuipokea.

Ninalo jambo la kusema hapa na nitalisema. Jeshi liliweza kwenda hadi karatasi za karne iliyopita ili kubaini nani si mtoto wa Henry Johnson. Bidii hiyo ingetumika nusu yake tu 1919, pasingekuwa na la kubaini. Lakini pia: sioni Herman akipoteza chochote. Angekuwa na damu ya Henry angekuwa anadai urithi. Bila damu, alichofanya ni kusema ukweli kwa niaba ya mtu asiyemhusu, na hilo ndilo ambalo jeshi lenyewe lilipaswa kufanya.

Kuna mahali ambapo nilianza kuwa na shaka na nishani zenyewe, ingawa si na kusahihisha. Mwaka 2023 kambi moja kubwa ya kijeshi ya Louisiana iliyokuwa na jina la Polk, jenerali aliyepigania upande wa watetezi wa utumwa, ilibadilishwa ikaitwa Fort Johnson, kwa heshima ya Henry. Mwaka 2025 ikarudishwa kuwa Fort Polk, safari hii wakasema ni Polk mwingine. Miaka miwili tu. Sifa ni zawadi, na mwenye zawadi anaweza kubadilisha mawazo, au uchaguzi ukaleta mtu mwenye mawazo tofauti. Lakini majeraha 21 yalishaandikwa. Hakuna rais atakayeyafuta hayo bila kulazimika kusema uongo waziwazi, mchana. Hapo ndipo nilipoona kwamba kampeni hizi za nishani hufunga pamoja vitu viwili: sifa, ambayo hupewa, na ukweli, ambao hudaiwa. Kwa Johnson na Woodson vilikwenda pamoja, kwa hiyo ni rahisi kuvichanganya. Kwetu haviendi pamoja hata kidogo.

Maana nilipokuwa nikisoma kwamba Henry Johnson alikuwa mpagazi kabla ya kuwa shujaa, sikuweza kuacha kufikiria wapagazi wengine wa vita hivyo hivyo. Ukipita soko la Kariakor hapa Nairobi, au Kariakoo ya Dar es Salaam, unatamka jina lao bila kujua: Carrier Corps, kwa matamshi ya waliolazimishwa kuingia humo. Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi ambayo barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua farasi na ng'ombe, basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilienda juu ya kichwa cha mtu. Sheria ya 1915 iliruhusu wanaume wachukuliwe kwa nguvu. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, kuliko kwa risasi.

Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita, baada ya kubanwa na filamu ya David Lammy iliyopita Voi na kwingineko, ilitoa ripoti juu yake yenyewe. Ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tazama hizo namba mbili. Tofauti yake ni watu 234,000. Hiyo ndiyo nafasi iliyobaki kati ya makadirio ya chini na ya juu. Ungejaza Kasarani mara tatu na bado watu wangebaki nje ya lango.

Sasa nenda na fomu namba 149 uwaombee hao. Andika jina la mwombaji. Ambatisha rekodi unayotaka irekebishwe.

Huwa wanatetewa kwa kusema kwamba nyakati zile ilikuwa vigumu kuandika majina ya Waafrika wengi hivyo. Siamini, na sababu yangu ni kipande. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa hiyo hiyo 1915, na mara tu vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa kwa ukali: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, vyote kwenye karatasi ndani ya kikebe cha bati, shingoni. Serikali iliyoweza kumwandika kila mwanaume mzima ili asitoroke shamba la mzungu, haiwezi kutuambia kwamba kalamu iliisha wino ilipofika kwa maiti. Iliandika aliyehitajika kesho. Aliyekufa hakuhitajika.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za mwaka 1928 za ukumbusho wa vita hivyo, na mmoja wa waliosimama pale ni mpagazi. Maandishi chini yake, Kiswahili kikiwemo, yanaahidi kwamba hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halikuandikwa. Hakuna hata moja.

Je, ningependa wapewe nishani? Nimebishana na watu wawili watatu kuhusu hili, mmoja akaniita msaliti kwa kusita. Lakini nishani ya nini? Nishani humwambia mtu kwamba alitufanyia vizuri. Mtu aliyekamatwa kijijini, akafungwa kamba, akatembezwa hadi Tanganyika na mzigo wa bunduki za watu ambao hakuwa na ugomvi nao, hakuwafanyia vizuri. Alifanyiwa. Kumtundikia nishani ya dola iliyomteka ni kumfanya mshiriki wa jambo lililomuua, na wale waliotoroka njiani, ambao mimi nawaona kama wenye akili kuliko wote, tungewaweka wapi? Sifa simdai Mwingereza. Akae nayo.

Jina ninalidai. Jina, alikotoka, tarehe aliyokufa, na pale inapowezekana alikufa kwa nini. Na inawezekana mara nyingi kuliko tunavyoambiwa. Mwezi Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya wafanyakazi weusi 1,772 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo hivyo, watu wasiobeba silaha, waliokuwa wameachwa nje ya kila kaburi na kila ukuta kwa zaidi ya miaka 100. Majina yalipatikana. Yalikuwa kwenye mafaili. Kila mmoja amesimamishiwa nguzo yake ya mti wa mvule, jina na tarehe ya kifo, hakuna cheo kilichopandishwa, hakuna aliyeitwa shujaa. Unatembea katikati yake kama unavyotembea katikati ya watu.